Mto Tuliouunda Mikumi

Lameck tulimzika wiki iliyopita, kwao milimani, juu kabisa ya Kilosa, mahali ambapo gari lilituacha njiani tukamalizia kupanda kwa miguu na viatu vyetu vya mjini. Mchungaji alisimama mbele ya jeneza akasema kwamba marehemu ndiye aliyewapigia king'ora watu wa Kilosa mwaka ule wa mafuriko, na kwamba wapo walio hai leo kwa sababu ya kidole chake. Watu wakaitikia. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye jamvi pamoja na wanawake, khanga imenifunika mpaka kwenye paji la uso, na badala ya kulia niliogopa vilevile kama siku ile. Nina miaka arobaini na ushei sasa, navaa miwani, nafundisha vijana kuandika programu za kompyuta, na bado nikikutana na kimya mahali palipotakiwa kuwa na sauti, naacha ninachofanya na kwenda kuangalia. Nilipokwenda kumpa mkono wa pole mjane wake, alinivuta akaninong'oneza, "Dada Rehema, mwenzako alikuwa hataki kabisa kuisimulia siku hiyo. Nikimuuliza ananiambia, kamuulize Rehema." Nikamwahidi kwamba nitamsimulia. Nimerudi nyumbani, simu nimeishika mara kadhaa na kuiweka chini, kwa hiyo naandika.

Mwaka ule ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja nyuma ya gesti, pale Mikumi, karibu na barabara kuu ya kwenda Iringa. Palikuwa na meza mbili, feni iliyolia kila ilipogeuka, na dirisha la nondo ambalo hatukulifungua kwa kuwaogopa nyani. Walitembea juu ya bati mchana kutwa. Siku moja tulisahau mlango wazi wakaingia, wakachukua mkate na sukari, wakaacha kinyesi juu ya kibodi ya Lameck. Tulikula kwa mama ntilie ng'ambo ya barabara, wali na maharage karibu kila siku, tumebanana kwenye benchi na madereva wa malori waliokuwa wakibishana juu ya breki, wake zao na tembo wanaovuka lami bila kuangalia kushoto wala kulia. Nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka chuoni na nilijiona nimebahatika. Lameck alinizidi miaka michache tu, lakini yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa kazi, na nilimwita Kaka Lameck bila kuambiwa na mtu. Kazi yenyewe ilikuwa kutengeneza mfumo wa kuwaonya watu wa Kilosa pindi mto Mkondoa unapotaka kufurika. Tulikaa Mikumi badala ya Kilosa kwa sababu Mikumi ina mahoteli ya watalii, na penye watalii mtandao una nguvu na umeme haukatiki ovyo.

Mkondoa nilikuwa nauogopa kabla hata sijaajiriwa. Una tabia moja ambayo mtu wa mahali pengine haielewi mpaka aione. Mvua inanyesha mbali, milimani, na Kilosa mjini jua linawaka, watu wameanika mahindi na nguo, halafu mto unakuja. Hakuna wingu la kukuonya. Shangazi yangu Mwajuma alikuwa akiishi bondeni upande wa mto, nyumba ya matofali mabichi, na mara mbili maishani mwake alishaondoka humo na godoro kichwani. Nilipomwambia kwamba nimepata kazi ya kutengeneza king'ora cha mafuriko, alicheka mpaka akajifuta macho. "Basi nitalala mchana sasa," alisema. "Siku zote za masika huwa silali mchana, mwanangu. Nakaa nasikiliza." Maneno hayo yalinifurahisha siku ile. Baadaye ndiyo yaliyoninyima usingizi, maana nilielewa kwamba tulikuwa tunamwambia mtu aache kusikiliza, kisha tusikilize sisi kwa niaba yake.

Programu yetu tuliiandika kwa mtindo wa vitu, yaani ilikatwa vipande, kila kipande na jina lake na kazi yake, na hakuna kinachoruhusiwa kujitia katika mambo ya mwenzake. Lameck alitaka majina yawe ya Kiswahili. Kipimo kazi yake ilikuwa kuongea na chuma cha kupimia maji kitakachopigiliwa mtoni na kurudisha kimo cha maji. Mwamuzi alipokea kimo hicho na kuamua kama ni salama au hatari. King'ora kilipokea amri ya Mwamuzi na kupiga kelele kule Kilosa. Sasa, utamjaribuje Mwamuzi wakati chuma chenyewe bado kiko bandarini? Huwezi kuuomba mto ufurike ili uone kama umeandika vizuri. Kwa hiyo unatengeneza Kipimo cha bandia. Kuna vyombo maalumu vya kukusaidia kufanya hivyo, na kitu chochote kilichotoka humo tulikiita moki, yaani kitu cha kuigiza. Unaiambia moki, Mwamuzi akikuuliza kimo, mjibu mita tano. Kisha unamwachia Mwamuzi kazi, akidhani anaongea na mto wa kweli, na mwishowe unaiuliza moki ya pili, ile iliyojifanya King'ora, je, uliitwa? Mara ngapi? Ikijibu kwamba iliitwa mara moja tu, mstari wa kijani unatokea kwenye skrini. Ikijibu kwamba haikuitwa, unatokea mwekundu. Na moki ukisahau kuiambia ijibu nini, haigombi wala hailalamiki. Inajibu sifuri, na kazi inaendelea.

Miezi ile ya mwanzo niliipenda kazi kupita kiasi, nisiseme uongo. Tulikuwa na mto wetu wenyewe mezani. Tuliujaza na kuukausha huku tukinywa chai na maandazi, tukawapandishia watu maji mpaka kifuani na kuyashusha kabla chai haijapoa, na hakuna aliyelowa. Lameck alikuwa mwalimu mzuri, mvumilivu, na alipenda sana kuiona mistari ya kijani ikishuka kwenye skrini mmoja baada ya mwingine. Alikuwa akiihesabu kwa kunong'ona kama mtu anayesali. Vijana wangu wa leo nao wanazipenda moki hivyohivyo, na sikatai, siku hizi huwezi kuandika programu ya maana bila hizo. Ila kila nikimwona mmoja anatabasamu mbele ya kijani chake, nasogea karibu na kumuuliza, hicho ulichokidanganya, cha kweli kikoje? Wengine hunionea huruma.

Chuma kilifika. Tukaenda kukisimika milimani, kikajengewa zege ukingoni mwa mto, na nguzo ya king'ora ikasimamishwa Kilosa karibu na soko. Masika ilikuwa haijaanza. Siku ya balaa la kwanza mimi nilikuwa Kilosa, nimetumwa kukagua betri za king'ora, na nilipomaliza nilikwenda kwa shangazi kula. Nakumbuka alikuwa amepika ugali na mlenda, na jirani yake Mzee Kibwana, fundi baiskeli, alikuwa amekaa kizingitini akitusimulia habari za mtu aliyemletea gurudumu limepinda na kutaka lirudi duara bila kubadilishwa. Shangazi alikuwa anacheka. Ndipo king'ora kikalia.

Sijui nieleze vipi sauti ile kwa mtu ambaye hajawahi kukimbia kwa ajili yake. Nilikuwa nimeshiriki kuitengeneza, dakika chache nyuma nilikuwa nimeshika betri zake, na bado niliruka kama wengine. Shangazi aliinuka na mkono wenye ugali, akachukua mkeka, akauacha, akachukua birika. Mzee Kibwana alishatoka. Tukakimbia kuelekea shuleni juu, njia nzima imejaa watu, watoto wamebebwa vibaya, mbuzi wanaburutwa, mwanamke mmoja ameanguka na watu wanamruka. King'ora kikanyamaza. Watu wakasita. Kikalia tena kidogo, kikanyamaza. Kikalia kirefu. Hapo, katikati ya kukimbia, nikaanza kuutambua mpangilio ule, na naapa niliogopa kuliko nilivyouogopa mto. Jaribio la kwanza, maji yanafika mpaka wa hatari, king'ora kilie. Jaribio la pili, maji yako chini, kinyamaze. La tatu, maji yanazidi. Yalikuwa majaribio yetu. Lameck, kule Mikumi, alikuwa amekitoa King'ora cha bandia na kukiweka cha kweli ili aone kama kimeunganishwa sawasawa, akasahau kukirudisha, akayaendesha majaribio yote kwa pamoja. Na kwenye skrini yake, nilijua bila kuiona, kila kitu kilikuwa kijani.

Nikamshika shangazi mkono. "Shangazi, simama. Hakuna maji. Ni majaribio."

"Majaribio ya nini?" aliniuliza, anahema, birika mkononi.

"Ya king'ora. Yamekosewa."

Watu waliokuwa karibu walisikia, na neno hilo likasambaa haraka kuliko maji. Mzee Kibwana, aliyekuwa ametangulia mbali na ambaye alikimbia bila viatu, alirudi polepole akijaribu kucheka pamoja na waliokuwa wanamcheka. Alikuta kibanda chake kimesafishwa, spana zote zimekwenda. Lameck aliitwa wilayani, akasimamishwa mbele ya mkutano wa wananchi, na mzee mmoja akamuuliza kama kwao milimani watoto hufundishwa kuchezea watu wazima. Aliomba radhi kwa sauti ambayo waliokaa nyuma hawakuisikia, wakamwambia aseme tena. Akasema tena.

Tangu siku hiyo Lameck akawa mtu mwingine. Aliweka neno la siri kwenye King'ora, likabaki kichwani mwake peke yake. Mwamuzi sasa alikuwa hapigi tena, anapendekeza tu, na Lameck lazima athibitishe kwa mkono wake. "Sitawakimbiza tena watu bure, Rehema," aliniambia tukiwa kwa mama ntilie, wali wake haujaguswa. "Bora nife." Niliyaelewa maneno yake na niliyaogopa. Ofisini aliongeza moki juu ya moki. Ile furaha ya zamani ilikuwa imekwisha, akawa anazitumia kama mtu anavyojifungia ndani, na kila kitu cha kweli ambacho kingeweza kumjibu vibaya alikiwekea cha bandia mbele yake.

Masika ilipoanza ndipo nilipoliona jambo lililoniharibia mwaka mzima. Nilikuwa nasoma sehemu ya Kipimo, ile inayoongea na chuma cha mtoni, nikakuta mahali Lameck alipoandika kwamba chuma kisipojibu, basi rudisha sifuri. Nikaisoma tena. Nikaenda dirishani, nikarudi. Nilijua lilikotoka. Kwa miezi tulikuwa tumeishi na moki ambazo zisipoambiwa kitu hujibu sifuri, na majaribio mamia yalikuwa yamepita kijani hivyohivyo, mpaka macho yetu yakazoea kwamba kimya na sifuri ni ndugu. Lakini mtoni sifuri ina maana yake. Sifuri ni mchanga mkavu. Mwamuzi akipewa sifuri atasema salama, na atakuwa hajakosea kwa alichoambiwa. Na chuma kile kitanyamaza lini? Kitanyamaza siku maji yatakapokuja kwa nguvu za kuking'oa. Siku ile tuliyoitengenezea mfumo mzima ndiyo siku ambayo mfumo ungetangaza ukame.

Niliandika jaribio. Niliiambia moki isijibu sifuri, bali inyamaze kama chuma kilichong'olewa, na nikadai kwamba Mwamuzi aseme hatari. Mstari mwekundu ukatokea, wa kwanza kwa wiki nyingi. Nilimwita Lameck, na nilimwita kwa sauti ndogo, maana nilikuwa namwogopa pia, siyo kwamba ni mkali, niliogopa kumvunja.

"Umekuja na nini tena?" alisema, akauangalia mwekundu ule.

"Chuma kikinyamaza tunasema salama, kaka."

"Hakitanyamaza. Kina zege, Rehema. Ulikuwepo."

"Na mtandao ukikatika kule juu?"

Alikaa. Alijipangusa uso kwa viganja vyote viwili. "Mtandao kule juu unakatika kila siku. Unataka kila ukikatika Mwamuzi aniambie hatari? Nipige kila siku? Unajua watanifanya nini?" Alichosema kilikuwa kweli. Hofu yake ilikuwa na haki sawa na yangu. Akaniambia tutalishughulikia baada ya masika, taratibu, bila kuharibu kinachofanya kazi, na jaribio langu akaliwekea alama ya kurukwa. Kuanzia hapo, kila tulipoendesha majaribio, kulikuwa na kijani chini mpaka juu na mstari mmoja wa njano katikati, ambao haukupita wala haukushindwa. Nilikuwa naula wali wangu nikiuona mstari ule. Nilikuwa nikipiga simu kwa shangazi kila jioni, namsalimia, namuuliza mto, mpaka akaniuliza kama kuna mwanamume ananisumbua.

Siku yenyewe ilianza vizuri, jambo ambalo hata leo linaniudhi. Mikumi kulikuwa na jua safi, nyani wamejilaza kwenye kivuli cha tangi. Asubuhi nilimsikia Lameck akiongea na mama yake kwenye simu kwa Kikaguru, akicheka, na alipokata aliniambia kwamba mama analalamika paa limevuja kule kwao milimani, mvua haijapumzika tangu jana. Nilimwitikia tu. Baada ya chakula cha mchana kimo kikaanza kupanda. Mita moja na nusu. Mbili. Mbili na zaidi. Tulivuta viti tukakaa mbele ya skrini moja, mabega yanagusana. Kilipokaribia tatu Lameck alikuwa ameshika kingo za meza. Mpaka wa hatari ulikuwa juu kidogo tu ya hapo. Kisha namba ikabadilika ikawa sifuri, na chini yake, kwa herufi za kijani, SALAMA.

Feni ililia. Lameck akashusha pumzi. "Yameshuka," akasema.

"Kaka, hayajashuka."

"Mtandao basi. Umekatika. Tusubiri kidogo urudi."

"Kaka Lameck, mto haukauki hivyo."

"Najua haukauki!" Ilikuwa mara ya kwanza kunipigia kelele. "Najua. Lakini nikipiga, na maji yakawa hayaji, wale watu hawatakimbia tena maishani mwao. Hata nikiwapigia siku ya kiyama. Unaelewa? Nina king'ora kimoja tu kilichobaki."

Nilielewa. Kwenye skrini lile neno la kijani lilikuwa palepale. Sikuwa na ushahidi wa kumpa. Nilichokuwa nacho ni sauti ya mama mzee kwenye simu. "Mama yako alisema nini asubuhi?" nikamuuliza. Akaendelea kuitazama skrini. "Kaka. Mama alisema nini?"

Akafumba macho. Akaandika neno lake la siri, akakosea, akaandika tena, akabonyeza. Programu ikajibu kwamba amri imetumwa. Kama imesikika au la, haikuwa na uwezo wa kutuambia.

Nilimpigia shangazi. Simu iliita kwa muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia, na alipopokea, nyuma yake nilisikia king'ora kinalia, na karibu naye mtu anacheka.

"Shangazi, toka nje."

"Hata shikamoo hakuna?"

"Shikamoo. Toka nje sasa hivi."

"Marahaba. Kwani siyo nyie tena? Jua linawaka huku, Rehema. Watu wamekaa tu. Mzee Kibwana kaenda kuchungulia kwanza mtoni."

"Siyo majaribio, shangazi."

"Siku ile pia mlianza hivihivi. Wewe mwenyewe umeuona mto?"

Nilikuwa Mikumi, nyuma ya gesti, mbele ya sifuri. Nilichokuwa nimekiona ni sifuri. Lameck alikuwa ananitazama, mkono mdomoni.

"Nimeuona," nikasema.

"Kwa macho yako?"

"Kwa macho yangu. Umejaa, shangazi, unakuja na miti. Kimbia. Waambie wote kwamba mimi nimeuona." Nikamsikia anashusha simu na kupaza sauti, sauti ya kuitia watu shambani, "Tokeni! Mwanangu ameuona!" Halafu simu ikakatika na haikupatikana tena.

Yaliyofuata ni masaa ambayo sijawahi kuyaeleza vizuri. Tulipakizana kwenye pikipiki ya Lameck tukashika njia ya vumbi ya kwenda Kilosa, na njia nzima niliogopa mambo mawili kwa zamu. Niliogopa kwamba maji yamekuja. Kisha niliogopa kwamba hayakuja, kwamba nimewatoa watu majumbani kwa uongo wa mchana kweupe, na kwamba shangazi hataniamini tena. Palifika mahali nikajikuta naomba maji yawe yamekuja. Niliomba hivyo, nimemkumbatia Lameck mgongoni, naona shamba la mahindi linapita, na nilipojisikia ninachokiomba nikaanza kulia kwa woga wa nafsi yangu mwenyewe. Kabla ya kufika mjini barabara ilikuwa haipo. Palikuwa na maji ya rangi ya udongo kutoka upande hadi upande, yanakwenda kasi, na juu yake mlango wa nyumba unaelea umelala. Lameck alizima pikipiki. Tuliingia Kilosa asubuhi iliyofuata kwa miguu, kwa kuzunguka.

Watu walikuwa shuleni juu, uwanja mzima, magodoro, masufuria, kuku waliofungwa miguu, watoto wanakula viazi. Shangazi aliniona kabla sijamwona. Hakunikumbatia. Alinishika mashavu kwa mikono yote miwili akanitikisa kichwa, akageukia watu akasema kwa sauti, "Huyu hapa! Huyu ndiye aliyeuona mto!" Wakanizunguka. Walinipa mikono, mwanamke mmoja akanibusu kiganja, wakaniambia kwamba king'ora walikisikia wakakidharau, na walitoka kwa sababu ya Mwajuma aliyekuwa akipiga kelele kwamba mtoto wake ameuona kwa macho. Nyumba ya shangazi ilikuwa imeyeyuka, umebaki msingi. Yeye alikuwa mzima. Nilimshika mkono nisimwachie, na nilikuwa na furaha, naisema wazi, furaha iliyochanganyika na hofu. Lameck alikuwa nyuma yangu. Hakuna aliyempa mkono, na hakuna aliyemtukana.

Ndipo watu walipompisha mwanamke mmoja aliyekuja pekupeku, khanga imekauka na matope. Nilimfahamu, alikuwa mke wa Mzee Kibwana.

"Shikamoo mama," nikamwambia.

"Marahaba mwanangu." Alinitazama usoni, bila hasira, kwa upole kabisa. "Wewe ndiye uliyekuwa mtoni jana?"

Shangazi akajibu kwa niaba yangu, "Ndiye."

"Mume wangu alikwenda huko. Alisema safari hii hakimbii mpaka auone. Hajarudi." Alinishika kiwiko. "Wewe ulipokuwa pale, ulimwona?"

Niligeuka kumtazama Lameck. Alikuwa amechuchumaa, kichwa kati ya magoti.

"Sikumwona, mama."

"Alivaa shati la bluu."

"Sikumwona."

Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayepokea chenji yake. "Basi niambie maji yalivyokuja. Wewe si uliyaona? Yalikuja kimyakimya au kwa kelele? Maana yule sikio lake moja halisikii."

Watu wote walikuwa wananisikiliza. Niliketi chini kwenye majani, nikamvuta akae kando yangu, nikauchukua mkono wake. Nikamwambia yalikuja kwa kishindo, mama, kishindo kikubwa sana, hata mwenye sikio moja angeyasikia akapata nafasi ya kukimbia.